Fyuzi za vifaa vya ziada kwenye pikapu: zikae wapi

Mvua na ukungu vikishika njia ya Igawilo kwenda Tukuyu, au ile ya Isyonje inayopanda Kitulo kuelekea Makete, wenye pikapu wengi hukimbilia kufunga taa za ziada. Mkulima wa viazi wa Uporoto naye anataka pampu ya kunyunyizia dawa inayotumia betri ya gari. Dereva wa safari za Makambako na Iringa anataka inveta ya kompyuta mpakato na tundu la kuchajia simu. Wote huuliza swali moja: niweke fyuzi ya ampea ngapi? Ni swali la lazima, lakini linatanguliwa na jingine. Fyuzi ikae wapi? Fyuzi ya ampea sahihi ikifungwa mahali pabaya inaweza isilinde kitu chochote.

Fyuzi kazi yake ni kulinda waya. Taa ikiungua utanunua nyingine sokoni Mwanjelwa na safari itaendelea. Waya ukipiga shoti ni habari nyingine. Betri ya N70 iliyojaa inaweza kusukuma mamia ya ampea kwenye shoti, hata kupita elfu moja pale chuma kinapogusa chuma sawasawa. Waya wa 1.5, yaani wa milimita 1.5 za mraba, hauwezi kubeba mzigo huo hata kwa sekunde chache. Ngozi yake inalainika, inadondoka, shaba inabaki wazi ikiwa nyekundu, na waya jirani nazo zinaanza kuyeyuka. Kwa hiyo kipande chochote cha waya kilichoko kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kikiwa na urefu wa sentimita 15 ndani ya boneti, hatari yake ni ndogo. Kikiwa na mita tatu, kimepita kwenye tundu la bati linalotenganisha injini na kabini na kuzunguka nyuma ya dashibodi, hapo umejitegea moto.

Kanuni yangu: fyuzi ya kwanza ikae ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye terminali ya chanya ya betri. Nafasi ikikosekana kabisa, isizidi 45, na kipande hicho chote kivishwe bomba la plastiki lenye mikunjo na kifungwe kisicheze. Kosa ninaloliona kuliko yote ni fyuzi kuwekwa karibu na kifaa. Unakuta taa ina kishikio cha fyuzi sentimita 10 kutoka kwenye balbu, na nyuma yake waya usio na fyuzi umetoka hadi betri. Redio nazo huja na fyuzi mgongoni, basi fundi anaona kazi imekwisha. Fyuzi ile ya mgongoni inalinda redio kuanzia pale ilipo kwenda mbele. Waya ulioutoa wewe betri unahitaji wa kwake.

Waya mmoja unaachwa bila fyuzi kwenye magari mengi, nao ni ule mnene wa stata. Stata inavuta mamia ya ampea kila unapowasha gari, hivyo fyuzi ya kuivumilia ingekuwa kubwa mno kuweza kusaidia kitu. Ulinzi wa waya huo ni namna ulivyopitishwa: mfupi, mnene, umeshikwa na klipu zake za kiwandani, mbali na vyuma vyenye kona kali. Usiuhamishe ili kupata nafasi ya kisanduku chako cha fyuzi, na usiufungie waya zako kwa kamba za plastiki. Ukisogea sentimita mbili na kuanza kusugua bati, gari zima linakuwa hatarini.

Kuna pia waya wenye chanzo pande zote mbili. Ukiongeza betri ya pili nyuma ya pikapu kwa ajili ya pampu au friji, waya unaounganisha betri hizo unapata moto, yaani umeme wa chanya, kutoka kila upande. Ukiweka fyuzi moja mbele, na waya ukakatika katikati na kugusa chasisi, ya mbele itakatika vizuri, lakini betri ya nyuma itaendelea kuchoma waya ikitokea upande wake. Waya wa namna hiyo unapata fyuzi mbili, moja karibu na kila betri, za ukubwa uleule.

Wenye Fuso na malori ya volti 24 wasikilize hapa. Betri mbili za 12 zimeungwa mfululizo kupata 24, na desturi iliyoenea ni kuvuta waya kutoka katikati, kwenye betri moja, ili kupata 12 ya redio na chaji. Usifanye hivyo hata ukiweka fyuzi. Betri moja inalishwa mzigo ambao mwenzake hana, huku chaji ya alternata inazipitia zote mbili kwa pamoja. Ile inayotumika inabaki na njaa, nyingine inapitiliza kuchajiwa hadi inachemka na kukauka maji. Nunua kigeuzi cha 24 kwenda 12, weka fyuzi yake upande wa 24 karibu na betri, na fyuzi nyingine ndogo upande wa 12 kwa kila kifaa. Fyuzi bapa za kawaida za magari zimeandikwa volti 32, kwa hiyo kwenye lori la 24 zinafaa. Zisipelekwe kwenye mfumo wa sola wa 48, kwa sababu zikikatika huko cheche inaweza kuendelea kuruka ndani ya fyuzi yenyewe.

Tuingie ndani ya boneti sasa. Kuna sehemu nne za kukwepa.

Juu ya betri ni ya kwanza, na ndipo watu wengi hupenda kwa sababu pana nafasi. Betri ya asidi inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo inalipuka. Ukichomoa fyuzi wakati mzigo umewaka, cheche inaruka. Rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, nayo hutoa cheche ndani yake kila inapofunga na kufungua. Halafu mvuke wa asidi hula miguu ya shaba na kuacha unga wa kijani na mweupe ambao unazuia umeme kupita. Kisanduku kikae pembeni ya betri, juu ya usawa wake, kwenye bati la ndani ya mudgadi au kwenye kibao ulichokitengeneza mwenyewe.

Ya pili ni karibu na manifoldi ya eksozi, pale bomba la moshi linapoanzia kwenye injini, na tabo (turbo). Fyuzi inafanya kazi kwa joto: kiunzi chake chembamba kinapashwa na umeme hadi kuyeyuka. Ukikiweka mahali ambapo tayari pana moto, kitakatika kabla ya ampea zilizoandikwa. Utakuta fyuzi ya 15 inakufa kila ukipanda Kitonga na mzigo, lakini mjini Iringa inatulia siku nzima. Mtu asiyejua anabadilisha na kuweka ya 25, na hapo waya wake wa 1.5 umepoteza mlinzi. Hamisha kisanduku, acha ampea zilipo.

Ya tatu ni karibu na mabomba ya mafuta, hasa petroli, na chujio lake. Hii haihitaji maelezo marefu.

Ya nne ni mahali ambapo maji yanapita. Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi sana nchini, na gari la Tukuyu halipati miezi mingi ya kukauka. Angalia maji ya kioo cha mbele yanashukia wapi, yale yanayoingia kwenye matundu ya chini ya waipa na kutokea pembeni. Mwaga maji kwenye kioo boneti ikiwa wazi nawe utaona. Kisanduku kisikae chini ya mkondo huo. Kifunge kikiwa kimesimama wima, waya zikiingia kwa chini. Kila waya ushuke kwanza chini ya kisanduku, upinde, ndipo upande kuingia. Maji yanayotambaa kwenye waya yatadondokea kwenye pindo hilo badala ya kuingia ndani. Watu wengine huziba kisanduku chote kwa silikoni. Silichukii wazo hilo kwa mvua, lakini hewa yenye unyevu inabaki ndani, na usiku wa baridi ya Mbeya inageuka matone kwenye miguu ya fyuzi. Acha tundu dogo la milimita 3 au 4 upande wa chini kabisa.

Ndani ya kabini kuna majaribu yake. Chini miguuni kwa abiria panaonekana pazuri, lakini ndipo viatu vyenye matope vinapotua na ndipo maji yanapokusanyika mlango ukivuja. Chini ya kiti, kwenye Hiace na Noah za zamani, injini iko hapohapo, hivyo unarudi kwenye tatizo la joto. Nyuma kabisa ya dashibodi, mahali pa kufikia baada ya kufungua skrubu nane, hakufai kwa mtu anayesafiri usiku. Mimi napendekeza ubavu wa dashibodi upande wa dereva, usawa wa goti, pembeni ya kisanduku cha kiwandani kama nafasi ipo. Pawe mahali ambapo mtu akiwa ameketi, na tochi ya simu mkononi, anaona kila fyuzi na kuichomoa bila kulala chali. Anayejua kona za Kitonga anaelewa kwa nini: huwezi kushuka na kufungua boneti popote unapotaka, na lori liko nyuma yako.

Hapa kuna mvutano wa kweli, kwa sababu taa ziko mbele na kabini iko nyuma. Ukileta fyuzi zote ndani, kila waya wa taa utaingia kabini na kutoka tena, matundu yanaongezeka kwenye bati, na waya unarefuka bure. Ukiziacha zote kwenye boneti, utafungua boneti mvuani kwa ajili ya chaji ya simu. Jibu langu ni kugawanya kwa kufuata mahali kifaa kilipo. Vya mbele ya bati, yaani taa na honi, fyuzi na rilei zake zibaki mbele. Vya ndani na nyuma vipate kisanduku cha kabini. Vyote viwili vilishwe kutoka fyuzi kuu moja iliyo kando ya betri.

Tuweke namba. Chukua pikapu ya volti 12 yenye spotilaiti mbili za balbu za wati 55, taa mbili za ukungu za LED zenye jumla ya wati 36, tundu la chaji, na pampu ya dawa inayovuta ampea 7.

Spotilaiti mbili ni wati 110. Gawa kwa 12, unapata ampea 9.2. Fyuzi isifanyishwe kazi kwa ukomo wake muda wote. Kwa mzigo unaowaka mfululizo, acha itumike kama robo tatu tu. Ya 10 ingekuwa inapumua kwa shida, kwa hiyo kwa jozi nzima ni 15. Ila mimi siziungi taa mbili kwenye fyuzi moja. Kila upande upewe fyuzi yake ya 7.5, kwa sababu jozi ikikatika yote kwa pamoja kwenye ukungu wa Isyonje, dereva anabaki kipofu ghafla. Shoti ikitokea kulia, kushoto kuendelee kuwaka. Taa za ukungu ni ampea 3, fyuzi ya 5 inatosha. Tundu la chaji 10. Pampu ya ampea 7 inapata 10 au, kama inasumbua wakati wa kuanza kuzunguka, 15 pamoja na waya unaoimudu.

Jumla ya mzigo ni kama ampea 24, tundu la chaji likihesabiwa kama 5. Fyuzi kuu iwe ya 40, ile kubwa ya kufungwa kwa nati, na waya wa 6 kutoka hapo kwenda kwenye visanduku. Tofauti hiyo kati ya 40 na 15 ina maana yake. Shoti kwenye tawi lazima ikate fyuzi ya tawi kwanza, na ili hilo litokee fyuzi kuu iwe angalau mara mbili ya tawi kubwa kuliko yote. Ukiweka kuu ya 20 na tawi la 15, hujui ipi itatangulia.

Inveta siiweki kwenye kisanduku hiki. Ya wati 300 inaweza kuvuta zaidi ya ampea 30 betri ikiwa imeshuka, kwa hiyo inatoka betri kwa njia yake, fyuzi ya 40 ya kwake, waya wa 10 kama imekaa nyuma ya kiti.

Kwa waya wa kawaida wa gari, mimi sivuki viwango hivi: waya wa 0.75 fyuzi 5, waya wa 1 fyuzi 7.5, waya wa 1.5 fyuzi 15 ukiwa peke yake na 10 ukiwa kwenye fungu, waya wa 2.5 fyuzi 20, waya wa 4 fyuzi 30, waya wa 6 fyuzi 40. Fyuzi inaweza kuwa ndogo kuliko hapo, isiwe kubwa. Na usifikiri fyuzi ya 10 inakatika ikifika 10 na nukta moja. Fyuzi bapa inatakiwa kustahimili asilimia 110 ya ampea zake kwa saa 100 bila kukatika, na hata ikipakiwa mara mbili inaruhusiwa kuchukua kati ya sekunde 0.15 na sekunde 5. Waya wenyewe uweze kuvumilia muda huo.

Kwenye taa tumia waya wa 2.5 hata kama 1 ungevumilia ampea. Kwa mita tatu na ampea 9.2 za jozi nzima, waya wa 2.5 unapoteza kama volti 0.19, wa 1 unapoteza karibu 0.5. Balbu ya waya ni dhaifu sana kwa jambo hili: volti ikishuka kwa asilimia 5, mwanga hushuka kwa kama asilimia 16. Watu hununua balbu ya wati 100 kumbe mwanga wao umebaki njiani.

Kagua waya kabla ya kulipa. Kwangua nyuzi zake kwa kisu. Ikionekana nyeupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na jedwali langu la hapo juu halihusiki nayo kwa sababu inapitisha umeme mdogo kuliko shaba tupu. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene pia uache dukani. Kwa mtikisiko wa barabara ya changarawe hukatika ndani ya ngozi yake, na kutoka nje huoni kitu.

Kuhusu aina ya fyuzi sina mashaka: fyuzi bapa za miguu miwili. Rangi zinasomeka hata kwa mwanga hafifu: kahawia hafifu 5, kahawia iliyokolea 7.5, nyekundu 10, bluu 15, njano 20, nyeupe 25, kijani 30. Zile za kioo zinazoshikwa na springi ndani ya kishikio cha plastiki siziamini kwenye gari la shamba. Springi inachoka, mtikisiko unaifanya iguse na kuachia, na kiunzi chenyewe kinaweza kukatika kwa kutikiswa tu. Vikatio vinavyojirudisha vyenyewe navyo vina kasoro moja kubwa kwa kazi hii. Kama shoti bado ipo, vinakata, vinapoa, vinarudisha umeme, vinakata tena, na kila mzunguko unapasha waya wakati wewe umelala.

Kitu kimoja nataka ukitazame kwa karibu, kwa sababu kinawachanganya mafundi wengi. Kifaa kimekufa, unachomoa fyuzi, unakuta kiunzi chake kizima. Lakini plastiki ya fyuzi imekunjika upande mmoja, na mguu wa upande huo umegeuka kutoka rangi ya fedha kuwa wa zambarau na mweusi. Kishikio nacho kimevimba upande uleule. Ampea hazikuzidi hapo. Mguu ulikuwa haubanwi. Mahali pasipobana pana ukinzani. Hata ukinzani wa omu 0.02, ukipitisha ampea 15, unazalisha wati 4.5 za joto kwenye kipande cha plastiki kisichozidi ncha ya kidole. Fyuzi haiwezi kukata kwa sababu umeme haujazidi. Ukiweka fyuzi mpya kwenye kishikio kilekile, itayeyuka vilevile. Kata kishikio, kata na waya hadi ufike kwenye shaba inayong'aa, funga kipya. Hii ndiyo sababu sipendi fyuzi inayoingia kwa ulaini. Ukiisukuma kwa kidole ikaingia bila kulazimisha, kishikio hicho kimekwisha.

Wapo wanaopenda kuchomeka tawi kwenye kisanduku cha kiwandani kwa kile kishikio chenye nafasi ya fyuzi mbili na mkia wa waya. Kinafaa kwa mzigo mdogo, kamera au chaji, kikielekezwa vizuri. Chomoa fyuzi ya kiwandani, washa swichi ya funguo, pima kwa testa ni mguu upi wa kisanduku wenye moto. Kishikio kielekezwe ili kila fyuzi ichukue moto wake kutoka mguu huo moja kwa moja. Kikigeuzwa, umeme wa kifaa chako unapita kwanza kwenye fyuzi ya kiwandani, na unaweza kuikata ile ya waipa au ya dashibodi. Usichomeke kwenye fyuzi ya mfuko wa hewa, breki za ABS, kompyuta ya injini wala pampu ya mafuta.

Kazi yenyewe inaanza kwa kutoa terminali ya hasi ya betri, na ndiyo inayorudishwa ya mwisho. Ukianza na chanya, spana namba 10 ikigusa bodi unapata shoti ya betri nzima mkononi mwako. Funga kibao na kisanduku kabla ya kukata waya wowote, ili urefu upimwe mahali pake halisi. Tundu la kwenye bati litobolewe baada ya kuangalia nyuma yake kuna nini. Lilainishwe kwa tupa, lipakwe rangi kuzuia kutu, livishwe mpira wa tundu. Waya upite kwenye mpira huo bila kubanana, na ushikwe kwa klipu ndani ya sentimita 10 kila upande ili usisugue.

Lagi, yaani vichwa vya chuma vya mwisho wa waya, zibanwe kwa koleo lake. Plaiza ya kawaida inalaza lagi bila kuibana, na baada ya miezi kadhaa ya Chunya na vumbi lake waya unachomoka kwa kuvutwa na vidole. Vuta kila lagi kwa nguvu kabla ya kuivisha mpira wa kujikunja kwa joto. Kuongeza risasi ya kuchomelea juu ya lagi iliyobanwa vizuri sioni faida yake: risasi inapanda ndani ya nyuzi, inazifanya ngumu, nazo hukatika pale ugumu unapoishia.

Rilei ya miguu minne inaungwa hivi, kwa namba zilizoandikwa kwenye miguu yake: mguu wa 30 kwenye fyuzi, 87 kwenye taa, 85 ethi (bodi ya gari, upande wa hasi), 86 kwenye swichi ya dashibodi. Kwa kuwa tumeigawa kushoto na kulia, zipo rilei mbili, au moja ambayo 87 yake inaingia kwenye fyuzi mbili za 7.5 zilizo ubavuni mwake. Ukichagua ya pili, kipande cha kutoka fyuzi kuu ya 40 hadi mguu wa 30, na kutoka mguu wa 87 hadi fyuzi zile, lazima kiwe cha waya wa 6, kwa sababu mlinzi wake ni ile ya 40. Waya wa swichi unabeba chini ya ampea moja, ila nao unapita kwenye bati, basi fyuzi ya 3 au 5 pale unapochukulia moto. Rilei ifungwe miguu ikitazama chini.

Ethi ikwanguliwe rangi hadi bati ling'ae, boliti ikazwe na washa ya meno, kisha ipakwe grisi juu. Kila upande wa taa uwe na ethi yake.

Rudisha betri fyuzi za matawi zote zikiwa nje, ikiwemo ile ya swichi. Weka fyuzi kuu, pima volti kwenye kila nafasi, kisha weka tawi moja moja ukiwasha kifaa chake. Vifaa vyote vikiwaka na injini ikizunguka, weka maltimita kwenye volti na gusa vitundu viwili vilivyo mgongoni mwa kila fyuzi. Fyuzi nzima ya 10 iliyobeba ampea 10 itaonyesha kama volti 0.1. Kisha pima kutoka waya unaoingia kwenye kishikio hadi waya unaotoka. Ikipita 0.2 kuna mahali hapakubana, nawe utapagundua kwa kidole baada ya dakika kumi na tano: patakuwa pa moto kuliko jirani zake.

Bandika ndani ya kifuniko karatasi yenye jina la kila fyuzi na ampea zake, ifunikwe kwa tepu ya nailoni, na weka akiba ya mbili mbili za kila rangi humohumo. Akiba ikiwepo, hakuna atakayekunja karatasi ya sigara au kuzungushia uzi wa waya saa tano usiku mlimani Nyang'oro. Na baada ya wiki mbili za barabarani rudi na spana ukaze nati za fyuzi kuu, ethi na terminali za betri, kwa sababu lagi mpya hulala kidogo zikishapata joto na mtikisiko.